Koti la Mzee Selemani na Watu Waliokugundua

Mpendwa Mama Mdogo,

Umegunduliwa. Habari hiyo imetolewa leo Jumanne, saa tatu asubuhi, na Bi. Phiona, mratibu wa maonyesho ya mavazi yanayoendelea katika nyumba moja ya ghorofa mbili huko Nyarutarama, Kigali, juu kidogo ya uwanja wa gofu. Aliisoma kwenye simu yake mbele ya waandishi wanne na mpiga picha mmoja. Alisema kwamba Fundi Mwajuma wa Rwezamenyo, ambaye kwa sasa anaishi Kigoma, ni "mmoja wa wabunifu huru chipukizi wanaoutangulia wakati wao." Nilimuuliza kama anajua umri wako. Hakujua. Nikamwambia una miaka sabini na moja. Akaandika, akasema hilo linaifanya habari iwe nzuri zaidi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kosa nililolifanya nililifanya hadharani, na kwa sababu unatakiwa kuamua jambo kabla ya Ijumaa. Aziza atakusomea. Mwambie asome polepole, na asiruke sehemu zinazonihusu mimi.

Wewe chumba chako unakijua. Wasomaji wengine hawakijui, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Kilikuwa na mlango wa bluu, cherehani mbili, meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa nyumba nyingine, na bomba refu la chuma lililotoka ukuta hadi ukuta, ambalo ulitundikia nguo zinazongoja wenyewe. Nilifanya kazi za shule chini ya meza ile kwa miaka sita. Kutoka kule chini niliona miguu ya wateja tu na kusikia sauti zao. Nadhani ndipo nilipoanza kazi ninayoifanya sasa. Mtu akikudanganya kwamba kitambaa alichokuletea ni sufu halisi, unyayo wake ulisogea.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuokota pini kwa sumaku na kuchomoa bandi. Bandi, kwa asiyeijua, ni ile mishono mirefu ya uzi mweupe inayoshikilia vipande vya nguo kwa muda tu, hadi mwenye nguo aje kuijaribu. Fundi akiridhika hushona mshono wa kweli, kisha bandi yote huchomolewa na kutupwa. Uliniruhusu kuichomoa nikiwa na miaka tisa. Nikikata uzi usiohusika ulinipiga kidoleni kwa tepu ya kupimia, si kwa nguvu, na bila kuacha kuzungumza na mteja.

Ulikuwa na sheria moja ambayo mafundi wengine wa mtaa waliicheka. Hukumaliza nguo ya mtu ambaye hakuja kuijaribu. Hata angekuwa nani. Nakumbuka afisa mmoja aliyemtuma dereva wake na karatasi ya vipimo, akisema bosi ana shughuli nyingi, suti ishonwe imalizwe. Uliisoma karatasi mbele na nyuma, ukamrudishia. Ukamuuliza, "Na mwili wake nao una shughuli?" Wiki ya tatu yule afisa alikuja mwenyewe akiwa amekasirika. Ulimsimamisha juu ya kreti la soda, mikono ameinua kama watu wote, nawe ukawa na pini mdomoni. Alilalamika kwa dakika kumi na hukuweza kumjibu. Baadaye nilielewa kwamba pini zile hazikuwa za koti. Zilikuwa kwa ajili yake, ili usilazimike kumjibu.

Nakumbuka pia yule mama wa Biryogo aliyekuja kuchukua suti ya mumewe wiki mbili baada ya mazishi. Alitaka umalizie, ampe shemeji. Ulimpa kiti, ukamletea chai, ukamkunjia suti ikiwa na bandi zake zote. Ulimwambia kwamba wa kuijaribu hayupo, na shemeji akija utampima upya kwa kitambaa kilekile. Hakukasirika. Aliondoka amelishika lile furushi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa chini ya meza na niliona kwamba miguu yake haikusogea hata mara moja alipokuwa anakusikiliza.

Miaka miwili iliyopita mtoto wa jicho alikuzidi, Aziza akaja kukuchukua mkaishi naye Kigoma. Kwenye lile bomba zilibaki nguo saba. Ulimwambia mwenye nyumba kwamba yeyote atakayekodi chumba aziache palepale hadi wenyewe waje. Nilikuwepo. Nilikusikia kwa masikio yangu na sikuandika popote, kwa sababu haikuwa habari.

Sasa nifike kwenye kosa.

Miezi miwili iliyopita mhariri wangu aliagiza makala ya kurasa mbili kuhusu wabunifu wa mavazi wanaochipukia Kigali: walio huru, wasio na maduka makubwa nyuma yao, wanaoshona vitu ambavyo bado havina jina. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo. Nilidhani, kwa kuwa nimekulia chini ya meza ya fundi, sitadanganyika. Nilizunguka wiki tatu. Nilimwona kijana aliyeweka zipu kumi na moja kwenye suruali moja, na hakuna hata moja iliyofunguka. Nilimuuliza mtu anaivaaje. Akasema swali hilo ni la karne iliyopita. Nilimwona dada aliyeshona kofia kwa mifupa ya miavuli, akaniomba nisimpige picha kwa nyuma kwa sababu huko bado kuna gundi. Nilikaa kwenye mazungumzo ya wazi ambapo watu sita walizungumza kuhusu kitambaa kwa saa mbili, na hakuna aliyekigusa. Wote walikuwa na kadi za majina. Mmoja alikuwa na meneja. Nguo alikuwa nazo tatu.

Nilimwona pia Consolée. Unamkumbuka alivyokuja kwako kutoka Bujumbura, hajui kutia uzi kwenye cherehani, na alivyoondoka baada ya miaka minne akiwa anajua kukata koti bila karatasi. Sasa ana chumba Batsinda. Anawashonea waendesha pikipiki makoti ya mvua kwa mifuko ya saruji, na mfuko mmoja wa koti umegeuzwa chini juu, kwa sababu mtu akikaa kwenye pikipiki akainama mbele, mfuko wa kawaida humwaga kila kitu. Nililigeuza lile koti ndani nje kama ulivyonifundisha. Mishono yote ilikuwa imefunikwa, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Katika wiki zile tatu sikuona kitu kingine ambacho hakijawahi kuonekana na ambacho mtu anaweza kukivaa akaenda nacho kazini.

Sikumweka kwenye makala. Nilipomuuliza yeye ni mbunifu wa namna gani, alicheka akasema, "Mimi ni fundi tu, dada." Mhariri akasema fundi hawi habari, na picha zilikuwa na ndoo nyuma. Nikakubali. Hakuna aliyenishikia kisu.

Badala yake nikamweka Fabrice. Ana miaka ishirini na saba na ana kipaji, na kipaji chake ni kuzungumza. Tulikutana kwenye mgahawa, dakika ishirini, akanionyesha picha saba kwenye simu. Alisema mkusanyiko wake unaitwa Isiyokamilika. Alisema yeye anakataa kumaliza nguo, kwa sababu kumaliza ni woga. Aliniambia karakana yake iko Rwezamenyo, nami nikaona ni jambo jema kwa mtaa wetu. Sikuuliza nyumba gani. Niliandika kichwa kinachosema "Mbunifu Anayekataa Kumaliza." Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na nimewahi kugundua cheti cha kughushi kwa kuangalia mhuri tu. Nguo saba zilizotundikwa juu ya kichwa cha Mama yangu Mdogo niliziona kwenye simu nikazisifu.

Bi. Phiona aliisoma makala hiyo. Alikulia Kampala, akasomea mambo ya sanaa ng'ambo, na kazi yake ni kugundua. Ndivyo kadi yake inavyosema. Alikwenda Rwezamenyo na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Nyarutarama ni nusu saa kwa pikipiki, mvua ikinyesha ongeza dakika kumi. Aliizungumzia safari hiyo kama wale wageni wa zamani waliotembea miezi kutafuta chanzo cha mto, wakakiona, wakakipa jina, huku wenyeji wamesimama ndani yake wanafua.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi iliyopita. Nilikwenda kwa sababu nilialikwa, na kwa sababu nilitaka kuona kitu nilichokisifu. Kulikuwa na watu kama themanini. Bwana mmoja alikuwa amevaa suruali kama shati, miguu ya suruali ikiwa mikono, na alishindwa kushika glasi. Kila mtu alisema ameguswa na kitu. Hakuna aliyesema kipi. Nguo zilikuwa zimevalishwa sanamu nyeupe zisizo na vichwa, na ya kwanza mlangoni ilikuwa koti la kijivu ambalo pindo lake la kushoto lilikuwa juu ya la kulia kwa vidole viwili, kola imepinda, na mkono wa kushoto mfupi na wenye kikunjo kwenye kiwiko. Bandi nyeupe zilipita kila mahali. Kwenye ncha ya mkono mfupi kulikuwa na namba kwa chaki: 56.

Nilimtambua Mzee Selemani kabla sijaitambua kazi yako. Lilikuwa bega lake na kiwiko chake. Kila mtu wa Rwezamenyo anayajua maungo yale. Alibeba magunia sokoni ujanani hadi bega la kushoto likashuka, kisha akaanguka na mzigo, na mkono ule haukunyooka tena. Sasa ni dereva wa familia moja hukohuko Nyarutarama. Sanamu ilikuwa imesimama wima, haina gunia wala miaka, na kwa hiyo koti lilikaa upogo juu yake.

Nilifungua katalogi. Ilisema koti hilo ni "uasi dhidi ya ulinganifu." Ilisema bandi ni makovu ya jiji. Ilisema 56 ni umri wa kumbukumbu ambayo msanii hakuishi. Mama Mdogo, 56 ni sentimita. Ni urefu wa mkono wa kushoto wa Mzee Selemani kutoka begani hadi kwenye kifundo. Wa kulia ni 60, nao uliuandika kwa ndani. Niligeuza, nikauona. Kijana wa usalama akaniomba niache.

Nilimpigia Consolée kutoka uani. Aliniuliza kama ni kweli wanaonyesha bandi. Nikamwambia ni kweli, na zimewekewa taa. Akasema, "Basi waje Batsinda. Nina ndoo nzima."

Jana Jumatatu alasiri nilimtafuta Mzee Selemani. Nilimkuta anaosha gari mitaa miwili kutoka kwenye maonyesho. Aliniambia kwamba binti yake anaolewa Jumamosi hii, na koti lile alikuletea kitambaa chake kwa ajili ya siku hiyo, mapema mno, kabla hujahamia Kigoma, akijua wewe huna haraka. Mwezi huu amekwenda Rwezamenyo mara mbili. Alikuta bomba liko tupu. Hakumlaumu mtu. Alidhani umeondoka na koti kwenda Kigoma, kwa sababu, alisema, Fundi hawezi kutupa. Nilipomwambia liko wapi alikausha mikono, akaomba ruhusa ya nusu saa, tukaenda kwa miguu.

Mlangoni walimwambia madereva wanangojea kwenye magari. Nikasema yuko na mimi. Akaingia na shati lake la kazi, akasimama mbele ya lile koti, akaliangalia kutoka kola hadi pindo. Kisha akalivua kutoka kwenye sanamu kwa utulivu wa mtu anayetoa nguo kabatini mwake.

Bi. Phiona alikuja haraka. "Mzee, hiyo haiguswi. Iko kwa maonyesho."

"Najua, madamu," alisema Mzee Selemani. "Na mimi nimekuja kuijaribu."

Akalivaa. Palikuwa na watu kama kumi na wawili, na simu zote zilitoka mifukoni. Mama mmoja alipiga makofi, mwingine akauliza onyesho linalofuata ni saa ngapi. Mimi nilikuwa naangalia koti. Mama Mdogo, lilinyooka. Pindo likawa sawa pande zote mbili. Kola ikakaa. Kile kikunjo cha kiwiko kikapata kiwiko chake na kikapotea, na mikono yote miwili ikaishia mahali pamoja juu ya kifundo. Hukuweka sponji kwenye lile bega ili kulificha. Ulikikata kitambaa kikalifuata bega hadi koti zima likasahau kwamba bega liko chini. Alisimama pale, na bandi zake na chaki yake, mtu mnyoofu kuliko wote waliokuwamo ukumbini.

Bi. Phiona alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Alionekana amepoteza kitu. "Lakini sasa inaonekana koti tu," alisema.

"Ndiyo, madamu. Koti tu."

Fabrice alitoka chumba cha nyuma. Nilimuuliza, nikiwa na daftari mkononi ili ajue naandika, kama bandi zile alizipiga yeye. Akasema dhana ni yake. Nikamuuliza nani alikata. Akasema, "Sha, dada Zaina, mimi sikuiba. Nilikodi chumba, nikakuta nguo, mwenye nyumba akasema za zamani. Zingeliwa na panya." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hivyo kwenye mgahawa. Akanyoosha kidole ukutani, kando ya ile sanamu iliyobaki uchi. Makala yangu ilikuwa hapo, ndani ya fremu, chini ya kioo. "Hukuniuliza," alisema. "Mimi nilisema nguo hazijamalizwa. Maneno ya kukataa na woga tuliyapata wote wawili, wewe ukayaandika vizuri kuliko mimi."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kama alivyoyasema. Yule kijana ni mvivu na ni mwongo kwa kunyamaza, lakini siku hiyo alisema kweli.

Mzee Selemani alilivua koti akalirudisha kwenye sanamu mwenyewe, kwa sababu yeye si mtu wa kuondoka na kitu mlangoni kama mwizi. Akanyoosha kola. Tulipotoka aliniambia binti yake ameshaambiwa baba atavaa koti la Fundi Mwajuma, na kwamba hatamwambia chochote hadi wewe useme.

Nilidhani Bi. Phiona ataona aibu. Hilo linaonyesha kwamba hata baada ya miaka ishirini na sita bado nina mambo ya kujifunza. Watu hawa hawaoni aibu. Wanapata wazo. Kufikia leo asubuhi alikuwa amekugundua wewe. Alitueleza kwa furaha kwamba habari imekuwa "ya tabaka mbili": fundi mkongwe asiyejulikana na kijana anayemsoma upya. Mwandishi mwenzangu aliuliza asiyejulikana na nani. Umewashonea watu wa wilaya yetu ya Nyarugenge kwa miaka arobaini. Nusu ya wanaume walioozesha mabinti Rwezamenyo walisimama juu ya lile kreti la soda. Lakini kwenye orodha yake hukuwepo, basi hukujulikana.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo unapohusika. Kuna jumba la makumbusho huko Ulaya linalotaka kuzichukua nguo zote saba. Litaziweka kwenye ukumbi wa kudumu, na jina lako litaandikwa kwanza, la Fabrice chini yake. Wanataka idhini yako kwa sauti yako. Wanataka zote saba au hawataki hata moja, na koti la kijivu ndilo walilolipenda zaidi. Wanalitaka kama lilivyo, na bandi, na chaki, na upogo. Nilimuuliza Bi. Phiona kama koti moja linaweza kutolewa, limalizwe, mwenyewe akaozeshee binti. Alisema likimalizwa litakuwa limeharibika. Nilimwomba arudie ili niandike sawasawa. Akarudia.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Ukikubali, nguo zinafungwa Ijumaa zinakwenda, na jina lako litasomwa na watu ambao mimi na wewe hatutawaona kamwe. Ukikataa, zinarudi Rwezamenyo, Consolée anachomoa bandi, anashona, na Jumamosi mzee mmoja anavaa koti. Jina lako halitaandikwa popote. Hukuwahi kushona lebo kwenye nguo ya mtu.

Nimeahidi kutokushauri na nitajitahidi. Nitakueleza tu nilichokiona, kwa kuwa macho yako hayawezi kuja kuona. Koti lile likienda, litatundikwa kwenye sanamu iliyonyooka, na litakaa upogo hapo maisha yote ya lile jumba. Watu watakuja wasome kwamba upogo ndio maana yake. Kazi yako yote katika koti lile ilikuwa kuuondoa.

Lakini pia nakumbuka siku moja, nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, ulipokuwa umekaa mlangoni unakula embe na mtu akapita amevaa suti uliyomshonea. Mtu mwingine akamsimamisha akamuuliza amenunua wapi. Akajibu, "Ya dukani." Ulitafuna. Kisha ukanipa mimi nusu iliyobaki, ukaingia ndani. Sijawahi kukuuliza siku ile ulijisikiaje, na huu si wakati wa kujifanya kwamba najua. Kama unalitaka jina, lichukue. Una haki nalo kuliko mtu yeyote aliyewahi kuandikwa kwenye katalogi ile.

Mzee Selemani nilimpigia mchana huu nikamweleza yote mawili, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema nikwambie usijisumbue kwa ajili yake. Wazungu wakilitaka jina la Fundi wapewe, yeye atavaa shati, na shati si aibu. Nikamwambia nitaandika hivyo. Tulipokuwa tunaagana akauliza, kama jambo dogo, ile bitana ya ndani ulisema utatia ya rangi gani.

Nimeandika yote aliyosema, pamoja na hilo.

Kuhusu mimi, sina mengi. Nimekuwa nikiwadharau watu hawa kwa siku nne mfululizo, na dharau ile imenisaidia kuandika haraka. Inastahili. Watu wanaogundua kitu bila kukigeuza ndani wanastahili dharau, na wa kwanza wao ndiye anayekuandikia. Masahihisho yangu yatatoka gazetini kesho Jumatano, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Nimemtaja Consolée kwa jina na kwa kazi anayoiita mwenyewe. Mhariri aliniuliza kama nina picha yake isiyo na ndoo. Nikamwambia sina.

Nisalimie Aziza, na daktari akikuambia usitoke juani, usitoke. Nimekukosa kwa namna ambayo sina haja ya kuieleza hapa.

Alhamisi saa nne asubuhi za Kigali, saa tano za huko Kigoma, nitakupigia kwa namba ya Aziza. Tutakuwa kwenye chumba cha zamani, mwenye nyumba amekubali. Koti litaletwa, Bi. Phiona amesema atalileta mwenyewe, pamoja na kamera mbili, kwa sababu anataka kurekodi jibu lako lolote lile. Fabrice amesema atakuja, sijui kama atakuja. Mzee Selemani ameomba ruhusa kazini hadi saa saba, naye atakuwa amelivaa. Consolée atasimama nyuma yake na mkasi. Hatakata uzi hata mmoja kabla ya kukusikia.

Mwanao wa dada yako,
Zaina